Pishi, Kibaba na Ng'ombe Kumi na Wawili

Jumanne, 8 Julai

Tumefungua shule. Waliofika 61, daftari la mahudhurio la darasa la nne lina majina 103. Wengine bado wako mashambani, ufuta haujaisha. Mzazi mwenye ekari mbili na mvua ya mwaka mmoja, umlaumu vipi? Simlaumu. Lakini nikiita jina na kukosa sauti inaniuma, na leo yameniuma mengi.

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wote wakirudi, dawati la watoto watatu litabeba watano, na waliobaki watakaa mkekani mbele. Leo angalau hewa ilikuwapo. Kusi linaingia dirishani, linapeperusha karatasi, watoto wanazikimbilia. Sikuwakataza.

Mgeni mmoja. Kaka yake kamleta kwa pikipiki kutoka bara, kule nyuma ya Nangurukuru kwa wafugaji. Kisukuma anakijua vizuri, Kiswahili bado. Nimemkalisha dirishani. Shikamoo yake niliiona mdomoni, sikuisikia.

Alhamisi, 10 Julai

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Sauti moja, bati linatetemeka. Halafu jioni nasahihisha. Ile ndiyo iko wapi?

Sehemu. Ipi kubwa, 1/4 au 1/8? Zaidi ya nusu ya darasa wameandika 1/8, maana nane ni kubwa kuliko nne. Na 1/2 + 1/4 wameandika 2/6. Juu kwa juu, chini kwa chini, mwandiko safi kabisa. Waliokaa dawati moja wamefanana mpaka mahali walipofuta. Wengine ofisini wanasema ni uvivu. Mimi naona ni hofu. Mtoto anayeogopa kukosa huazima kosa la jirani, ili wakikosa wawe wawili.

Na ile ndiyo si uongo. Ni adabu. Mkubwa akikuuliza kama umesikia, unasema umesikia. Ndivyo walivyolelewa, nami ndivyo nilivyolelewa. Sitaki waipoteze adabu hiyo. Nataka tu kujua nani ameelewa na nani bado.

Umeme umekatika. Naandika kwa tochi ya simu. Uwanjani wakicheza rede au mdako hawaambiani ndiyo. "Umekufa!" "Sijafa!" "Kokoto imegusa!" Wanabishana, wanasahihishana, mchezo unaendelea, hakuna anayeona haya. Watoto walewale. Wakivuka mlango wa darasa wanakuwa wengine. Kwa nini?

Jumatatu, 14 Julai

Leo 94. Afadhali.

Nimewagawa sita sita. Kila kundi nimechanganya, anayejua na asiyejua, mzungumzaji na mkimya. Sheria tatu ubaoni:

Usimpe mwenzako jibu, muulize amepataje.
Asiyepata hachekwi.
Kundi halijamaliza mpaka kila mmoja aweze kueleza. Nitamwinua yeyote.

Kelele zake sasa! Mwalimu wa darasa la tano akachungulia mlangoni: "Dada, humu kuna mwalimu?" Nikamjibu yupo, yuko chini mkekani na kundi la tisa.

Kundi la tano ndiko alikoangukia mgeni wa dirishani. Z., binti anayepata zote, ndiye anayewaeleza. Mkono kiunoni, chaki hewani, sauti yangu kabisa. Kamaliza, kawageukia: "Mmeelewa?" Nao: "Ndiyooo!"

Nimecheka, kisha nikanyong'onyea. Kukaa duara hakujabadili kitu bado. Darasa moja limezaa madarasa madogo kumi na sita, kila moja na bosi wake.

Jumatano, 16 Julai

Niandike haraka kabla halijanipotea.

Mvulana kaenda ubaoni, kaandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Nikauliza wengine wanaonaje. Kimya. Mara H., yule anayekaa na bibi yake mwenye genge la mchele, kasimama bila kunyoosha kidole:

"Mwalimu, sasa huyu ameongeza mchele, ukapungua?"

Nikamwambia usiniambie mimi, mwambie yeye. Akatoka, akasimama naye ubaoni bega kwa bega.

"Sita, nusu yake ngapi?"

"Tatu."

"Wewe hapo unazo mbili. Ulianza na nusu. Nikakuongezea robo. Sasa una chini ya nusu. Nani amekuibia?"

Darasa zima likaangua kicheko, na yule mvulana akacheka zaidi ya wote. Alikuwa anaitazama ile 2/6 kwa mshangao, naye anataka kumjua mwizi.

Jibu sahihi H. hakuwa nalo. Nimemuuliza baadaye, hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni hakika kwamba lile haliwezekani. Hiyo ndiyo hisabati, hata kabla ya jibu. Na imetoka kwenye genge la bibi.

"Bibi anapimia nini?"

"Pishi, kisaga na kibaba. Za mti, za mama yake."

Mwalimu Mkuu amekubali. Kesho nakwenda kumwomba bibi.

Jumanne, 22 Julai

Bibi kaja. Kanga mpya, kapu la ukili mkononi. Darasa likasimama: "Shikamoo bibi!" "Marahaba wajukuu zangu. Kaeni, kaeni, msichoke." H. alikuwa anatabasamu na kuficha uso kwa daftari.

Akavitoa vipimo mezani kimoja kimoja. Mti umekuwa mweusi na kung'aa kwa kushikwa. Mchele alikuja nao, lakini wa kunipa mimi. Wa kuchezea hataki, chakula hakichezewi. Wavulana wakaleta ndoo mbili za mchanga mkavu wa ufukweni.

Akampa mtoto mmoja kibaba: jaza pishi. Mtoto akarundika mpaka kileleni, akamimina. Vibaba vitatu na ushei, pishi imejaa. Bibi akaimwaga, akamwita mwingine. Huyu mkono wa birika, kila kibaba hakijafika ukingoni. Pishi ikala vibaba vitano.

Zogo likaanza. "Pishi vibaba vitatu!" "Vitano, tumehesabu!" Bibi kanyamaza, mikono mapajani, anawatazama. Mdomo wangu ulikuwa wazi tayari. Nikaufunga.

Z. ndiye aliyeona: "Hawapimi sawasawa! Huyu anazidisha, yule anapunja."

Hapo bibi akainuka. Akajaza kibaba, akapitisha kiganja juu, mfuto. Akamimina. Moja. Mbili. Darasa likamfuata kwa sauti. Tatu. Nne. Pishi imejaa, nayo mfuto, hakuna chembe iliyozidi.

"Mmeona? Robo ni robo zikiwa sawa zote nne. Ukimpa mmoja kilima na mwingine bonde, hujagawa. Umependelea."

Kitabu kinasema sehemu zilizo sawa, nami nimeyasema maneno hayo mara nyingi kwa chaki. Leo wameyasikia kama haki. Mtoto anajua kupunjwa ni nini kabla hajajua kusoma.

Kisha wakaendelea wenyewe. Vibaba viwili, kisaga kimoja. Visaga viwili, pishi. Kwa hiyo 2/4 na 1/2 ni mchanga uleule. Yule mvulana wa 2/6 akashika kisaga, akamimina. Akashika kibaba, akamimina. Akachungulia ndani ya pishi. "Bado kibaba kimoja ijae." Vimo vitatu, basi. Akaenda ubaoni, hakuna aliyemtuma, akaandika 3/4.

Mtoto wa nyuma akauliza: "Bibi, hii ndiyo pishi ya fitri?" Ndiyo hiyo. Vidole vikajaa hewani, kila mmoja anataka kusimulia kwao hupima vipi, nani hubeba, hupelekwa kwa nani. Kumbe pishi wanayo majumbani mwao kila Idi. Haijawahi tu kuingia darasani.

Mgeni wa dirishani ndiye alishika ndoo muda wote. Hakusema neno. Ila midomo ilikuwa inahesabu, niliiona.

Usiku, siku ileile

Nimemsindikiza bibi hadi kwake. Njiani kaniambia shule yake yeye ilikuwa ya chini ya mwembe. Alikuwa msichana wa kisomo mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio moja, watu wamekaa duara, mmoja anayejua kusoma ana kijitabu. Wanasikiliza, wanazima, wanaanza kuzungumza. Maji ya kunywa tunachota wapi? Choo nani hana? Hawaondoki mpaka waseme nani atachimba na lini. Wiki ijayo wanaulizana.

"Hatukuwa na mwalimu, mwanangu. Tulikuwa na redio na sisi wenyewe."

Chuoni nilizikariri tarehe hizi kwa ajili ya mtihani. 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. 1973, Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi nchi nzima. Nikapata alama yangu, nikaendelea na mada nyingine. Leo nimetembea na mmoja wa hao milioni mbili, kapu lake mkononi mwangu, ananionyesha kwa kidole mahali vyoo vya kwanza vilipochimbwa.

Kinachonikaa kichwani ni lile la kutoondoka mpaka mseme nani atafanya nini. Sheria yangu ya tatu ilikuwa ya vitisho: nitamwinua yeyote. Yao ilikuwa ahadi. Nataka yangu ifanane na yao.

Jumatano, 30 Julai

Kundi la tano wamekuja mezani na mashtaka. "Mwalimu, hatumalizi kwa sababu huyu hasemi."

Nimeogopa. Sheria niliyoiweka imlinde mtoto wa mwisho ndiyo inataka kumtoa nje. Yeye kasimama nyuma yao, anatazama vidole vya miguu.

Nikawauliza: mmempa nini mkononi? Wakatazamana. Maneno, wamempa maneno tu, na maneno ndiyo anayoyakosa.

H. (nimemhamishia kundi hilo) akatoka nje, akarudi na kokoto kumi na mbili. Akazimwaga dawatini. "Hawa ng'ombe wa baba yako. Robo yake wangapi?"

Hakufikiri hata kidogo. Mkono ulipita ukazitenga tatu tatu, mafungu manne, akasukuma fungu moja mbele ya H. Nusu? Akasogeza sita. Robo tatu? Tisa. Huku anataja kwa Kisukuma, kisha kwa Kiswahili, polepole, wenzake wanamsubiri. Wanamsubiri! Z. ambaye hasubiri mtu.

Saa nne wakati wa mapumziko nimewakuta wote sita ukutani wanahesabu Kisukuma mpaka kumi. Mmoja anakosea, mgeni anamrekebisha. Sauti anayo. Kubwa tu.

Nimefurahi mno leo. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Walimu wenzangu wamekwenda maonyesho Lindi, mimi nimebaki na nguo za kufua na Elimu ya Kujitegemea. Toleo limechakaa, la marehemu baba.

Machi 1967. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishasimama mbele ya darasa, Tabora na Pugu, kwa hiyo anapoilaumu shule anaijua kwa ndani. Lawama yake moja nimeipigia mstari: kwamba mtoto anatoka shuleni akiamini ujuzi uko vitabuni na kwa waliosoma tu, na wazee wake hawana la kumfundisha. Naisoma huku namwona bibi na kiganja chake juu ya kibaba.

Hakudharau kitabu, lakini. Nami nisidharau. Bibi ametupa robo na nusu. Kuna mahali pishi haitatufikisha, nahisi, na siku hiyo watoto wasije wakadhani bibi alikosea.

Jumatano, 13 Agosti

Baba yake Z. kaja mchana, anatoka pwani, miguu ina chumvi. Kasalimia vizuri, kakaa. Halafu:

"Mwalimu, samahani. Binti yangu nimemleta asome. Nasikia anafundisha wenzake. Yeye atasoma saa ngapi? Oktoba kuna upimaji."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo limeniumiza. Ni swali la haki. Upimaji wa darasa la nne ni wa kitaifa, asiyefikia anarudia darasa. Mtoto wake ana akili, anaogopa atacheleweshwa na wenye mwendo mdogo. Mzazi gani asingeuliza?

Nimemwambia: nipe wiki mbili, kisha muulize Z. mwenyewe. Kakubali kwa kichwa, si kwa moyo.

Usingizi umegoma. Darasa la kusaidiana ni zuri kwa anayesaidiwa, hilo halina ubishi. Kwa anayesaidia je? Nikijibu "anapata thawabu" nitakuwa nimemkwepa yule baba. Aliuliza habari za kusoma, na jibu liwe la kusoma.

Alhamisi, 14 Agosti

Jumuiya ya ujifunzaji leo mchana, walimu wote ofisini, chini ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Kwa kawaida mmoja anasoma moduli kwenye simu, tunaitikia, tunasaini, tunaondoka. Ndiyooo yetu na sisi.

Leo nimeweka shida mezani. Makundi yangu, kelele, baba yake Z. Nikanyamaza.

Walinichambua kweli. Mwalimu wa taaluma: kwenye kundi wapo wanaojificha, utawajuaje? Wa darasa la tano: mada haziishi kwa mwendo huo, mimi nawapokea Januari na mapengo. Mama wa darasa la pili, aliyenikuta mtoto na atanistaafia hapahapa, akasubiri wote wamalize.

"Mwanangu, usianze na maneno. Anza na kimya. Kila mtoto na kijikaratasi chake, ajaribu peke yake kwanza, hata akikosa. Ndipo wazungumze. Mtu asiye na lake hana cha kubadilishana."

Nimeandika kwa herufi kubwa. Kila mtu na lake kwanza. Ndiyo dawa ya wanaojificha, na ya Z. pia, maana naye atakutana na hesabu peke yake kabla ya kuwa mwalimu wa kundi.

Tumetoka saa kumi na moja. Hakuna aliyetazama saa. Wa darasa la tano kaniomba aje kukaa nyuma darasani kwangu wiki ijayo.

Jumanne, 19 Agosti

Jibu la baba yake Z. limekuja, tena si kutoka kwangu.

Jana mgeni wetu (nadhani nimwache kumwita mgeni) alimuuliza Z.: kwa nini juu tunajumlisha, chini hatujumlishi? 2/4 na 1/4, kwa nini si 3/8? Z. akafungua mdomo, akaufunga. "Ndiyo kanuni." Kundi likasema hiyo si kueleza, sheria ya tatu. Akanijia karibu na machozi: "Mwalimu, mimi najua kufanya, sijui kwa nini."

Sikumjibu. Nimemrudisha kwa wenzake, na vipimo vya bibi, alivyotuachia kabatini, ruhusa kuvichukua.

Leo asubuhi kanisubiri mlangoni kabla ya kengele.

"Mwalimu, chini ni aina ya kipimo. Juu ni vingapi. Vibaba viwili na kibaba kimoja, vibaba vitatu. Kibaba hakigeuki. Ukijumlisha chini umebadilisha kipimo katikati ya kupima!"

Kakesha na hilo. Mtoto aliyekuwa anapata zote tangu Januari, jana ndipo alipogundua kwamba hajui, na leo anajua. Bila swali la yule mwenzake angefika Oktoba na kanuni mkononi, akafaulu, na pengo likabaki palepale mpaka darasa la sita, mpaka sekondari. Kumbe anayeeleza ndiye anayefika chini kabisa ya jambo, kwa sababu anayemsikiliza hamwachi aelee.

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa nyuma anaandika. Hakusema kitu kuhusu kelele.

Ijumaa, 29 Agosti

Baba yake Z. kanikuta sokoni. Z. amemweleza mambo ya chini na juu, akiwa na vikombe vya chai. Kisha yeye akamuuliza la kwake: chomboni kwao mapato hukatwa mafungu matatu sawa. Chombo, nyavu, wavuvi. "Nimemwambia hayo nayo anipimie kwa kibaba. Ameshindwa, mwalimu." Anacheka, na ndani ya kicheko mna fahari ya baba. Kuhusu muda wa binti yake hakuuliza tena.

Jumanne, 2 Septemba

Swali la chomboni limeingia darasani, nilijua litaingia. Z. kaliandika ubaoni mwenyewe, nusu ya bibi na theluthi ya chomboni: 1/2 + 1/3.

Kila mtu na lake kwanza. Dakika tatu za kimya, kalamu tu. Vijikaratasi: 2/5, 2/5, 2/5. H. kazikataa zote papo hapo, mbili katika tano haifiki nusu, mchele umepungua tena. Safari hii watu kumi wameliona kabla hajamaliza.

Wakaleta pishi. Kisaga cha nusu kipo. Theluthi? Hakuna kipimo. Wakamwaga mchanga wa pishi nzima, wakagawa mafungu matatu kwa jicho, wakagombana lipi kubwa. Mfuto unafutia wapi kama chombo hakipo?

"Bibi hana theluthi," akasema H. Kwa unyonge, kama mtu aliyetoa siri ya nyumbani.

Hili ni la madarasa ya mbele, ningeweza kusema hivyo nikafunga kitabu. Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka. Nimewaambia waende nalo.

Jumatano, 3 Septemba

Leo! Leo!

Hatukufika hata kwenye shikamoo vizuri. Yule wa dirishani kaja mbele, mifuko imevimba. Kokoto kumi na mbili juu ya meza yangu. Watoto wakasogea, waliokuwa nyuma wakapanda madawati, nikawaacha.

"Ng'ombe kumi na wawili. Nusu." Akasogeza sita. "Theluthi." Akagawa mafungu matatu ya nne nne mezani, akaonyesha fungu moja. "Sita na nne. Kumi."

Kumi katika kumi na mbili. Z. kapiga kelele: "Ziunganishe mbili mbili! Tano katika sita!" Wakaziunganisha. Jozi sita, tano zimechukuliwa, moja imebaki. 5/6.

H. hakuridhika, namshukuru Mungu. "Kwa nini kumi na mbili? Kwa nini si kumi?" Akamjibu kwa Kiswahili chake, hakuna aliyemcheka: kumi huwezi kuwagawa mafungu matatu, labda ng'ombe mmoja umchinje. Hapo tena sauti ya nyuma kabisa, msichana ambaye sijamsikia tangu tufungue: "Sita nayo inatosha. Tatu na mbili. Tano katika sita." Wakajaribu. Inatosha! Kwa hiyo si lazima kumi na mbili. Kwa hiyo zipo nyingine. Ishirini na nne? Kumi na nane? Wameondoka wanazitafuta.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo lote. Mvuvi kaleta swali, bibi kaleta nusu, mfugaji kaleta theluthi, Z. kaunganisha, H. kabisha, yule wa nyuma kapunguza. Ukimtoa mmoja hatufiki. Hilo ndilo ninalolitaka darasani na sikuwa nalijua umbo lake mpaka leo. Kujua kwa huyu kukae wazi kwa yule, na kutojua kwa mmoja kuwe kazi ya wote.

Jioni nimepita kwa bibi kumwambia. Kasikiliza mpaka mwisho. "Huyo kijana mlete, ale kwangu."

Jumatano, 24 Septemba

Tangu Jumatatu yule wa dirishani hayupo. Malisho, anasema kaka yake, wamesogea mbali. Na korosho zinaanza kudondoka, kwa hiyo wapo wengine watakaopungua, nimeshawahesabu kwa macho.

Kundi la tano hawakuja na mashtaka safari hii. Wamekuja na mpango. Kaka mtu huleta maziwa sokoni kila asubuhi. Daftari linakwenda naye, wao wananakili somo la siku humo kwa zamu, yeye anafanya, linarudi. Nani anaandika Jumatatu, nani Jumanne, wameshapanga. Kila kundi lenye mtoto shambani limeomba kufanya hivyo. Sikuwaagiza.

Leo daftari limerudi. Hesabu zote kafanya, moja kakosa, wakamwandikia pembeni umeipataje? Na chini kabisa, kwa penseli, kaacha swali lake kwao: ng'ombe wangapi, uwagawe mafungu mawili, matatu, manne na matano, asichinjwe hata mmoja?

Bado hawajalipata. Wamefika thelathini wakagonga mwamba kwenye nne. Sisemi.

Kesho kipindi cha kwanza kinaanza na swali hilo, desimali zitasubiri. Na saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa sokoni kumkamata kaka mtu kabla hajamaliza kumwaga maziwa. Daftari linakwenda na kurudi vizuri, lakini halitoshi. Upimaji ni Oktoba, na zaidi ya upimaji, mtoto aliyeuliza swali hili ana haki ya kuwapo wenzake wakiligombania. Nitamwambia bibi wa mchele amesema kuna sahani na mahali pa kulala. Baba yake Z. amejitolea kwenda nami.